Karatasi Mbili katika Kofia ya Muzee Evariste

Simu iliita asubuhi ya Alhamisi, tarehe sita Novemba 2008, wakati Muzee Evariste Ntirenganya alipokuwa akichonga mikono ya chukudu, gari la mbao la kusukuma, katika ua wake wa Murara, mjini Goma. Ilikuwa simu ya binti yake Charline, na ilikaa juu ya dirisha, mahali pekee katika nyumba ile ambapo mtandao ulishika. Charline aliacha sufuria ya uji motoni, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaitika. Aliyepiga alikuwa mama mdogo Mukamugema wa Kiwanja, ambaye Luc, mdogo wa Charline, alikaa kwake, na walikuwa hawampati simuni kwa siku tatu.

"Charline, uko na nani hapo?"

"Niko na papa. Mama ameenda kuchota maji. Mama mudogo, muko wazima? Na Luc?"

"Ukae chini kwanza."

"Sema tu."

"Nimekuambia ukae chini, mutoto wangu."

Charline hakukaa. Mukamugema alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliyejificha. Jana, alisema, walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana wanaume. Luc alikuwa ndani, alikuwa anasoma. "Tumemuzika leo kulipopambazuka, nyuma ya nyumba, katika migomba. Kufika makaburini hakuna njia. Nilimufunga na shuka la kitanda changu. Munisamehe, sikuwa na lingine."

Simu ikakatika.

"Ni nani?" Muzee Evariste aliuliza bila kuinua macho.

Charline hakujua kusema jambo kwa kulizunguka. "Papa, wamemuua Luc."

Muzee hakulia. Aliweka panga chini, akavua kofia yake, ile nyeusi ya kitambaa kizito aliyokuja nayo kutoka kijijini kwao Kibumba, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama ndani. Kisha akatamka neno ambalo Charline aliliogopa kuliko habari yenyewe.

"Kama ni Mungu mwenyewe alimuchagulia kule, mimi nitasema nini?"

Hakuwa Mungu aliyemchagulia. Charline alilijua hilo, na mama yake alilijua. Walilijua wao wawili tu duniani, au hivyo ndivyo walivyofikiri.

Kilio kilikaliwa siku tatu, bila maiti. Goma siku zile haikuwa na nafasi ya kulia mtu mmoja. Juma lililotangulia askari wa serikali walikuwa wamepita mjini wakikimbia, wakivunja milango ya watu njiani. Wakulima wa Kibumba walikuwa wameshuka na magodoro vichwani, na ndugu kumi na mmoja walilala katika ua wa Evariste, kati ya mbao na magurudumu. Hata hivyo majirani wa shirika, wale Wakatoliki wa mtaa waliozoea kusali pamoja kila Jumatano, walikuja wote, wakaketi juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye mawe meusi ya volkano.

Papa Lévi, kiongozi wa shirika, alisimama akafariji. Alikuwa mtu mwema, na maneno yake yalikuwa mema, na kila moja liliingia kama msumari.

"Ndugu zangu, wengine wanafiwa na hawajui juu ya nini mutoto wao alikuwa pale alipokuwa. Ninyi munajua. Mulimuuliza Mungu, Mungu akajibu. Luc alikufa pale Mungu alimuweka."

Watu wakaitikia amina. Nyiramahirwe, mama wa Luc, aliingiza pindo la kitenge mdomoni akaliuma mpaka likachanika. Wanawake walimshika mabega wakisema: lia, mama, lia. Lakini hakuwa analia. Alikuwa anazuia kinywa chake kisifunguke.

Mama Julie, muuza unga wa jirani, alinong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika na wote. "Angekuwa Kinshasa, saa hii angekuwa anakula mikate na sardini."

"Mama Julie," alisema Muzee Evariste kutoka kwenye kiti chake, "tulipiga kura mbele ya Mungu. Wewe ulikuwa pale, ulikula hata ndizi zetu. Basi unyamaze kama mimi ninavyonyamaza."

Akanyamaza kweli. Tangu siku ile hakupiga ngumi mezani, hakumlaani aliyeshika bunduki, hakuuliza. Alikwenda misa ya asubuhi kila siku, akarudi, akachonga. Kunyamaza kule ndiko kulikomshikilia asianguke, na Charline aliona wazi kwamba mtu akiondoa ukimya ule, baba yake ataporomoka.

Luc Habumugisha alizaliwa Kibumba mwaka 1988, wakati wa kuvuna maharagwe. Alikuwa na miaka sita wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya mpaka walipojaa Kibumba, wakakata kila mti na kila ua, na shamba la Evariste likageuka mahema. Kipindupindu kilipoanza kuua watu kando ya barabara, Evariste alipakia mke na watoto wawili juu ya chukudu, akaisukuma na kuizuia mteremko wote mpaka Goma. Gari lile la mbao la magurudumu mawili lilikuwa mali yake yote. Huko Murara akaanza kuyachonga na kuyauza, na hiyo ikawa kazi ya maisha yake.

Mwaka 2002 mlima ulipotapika, moto ulipita juu ya nyumba yao ya mbao na kuacha jiwe. Luc alikuwa na miaka kumi na tatu. Watu wengine walipokuwa wanalia juu ya jiwe lile likingali na joto, yeye alizunguka na kopo la maziwa ya unga akiokota misumari ya nyumba zilizoungua. Aliinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo. Charline alimcheka. "Unafuga misumari?" Lakini nyumba yao mpya ilisimama kwa misumari ile, na kopo halikuisha.

Alikuwa mtu wa kupima. Hakuweza kuketi kanisani bila kufumba jicho moja kuangalia kama msalaba wa ukutani umesimama sawa. Baba yake akimaliza chukudu, Luc aliinama, akatazama, akasema: "Papa, hii iko inavuta kushoto." Evariste aligomba, akaijaribu barabarani, akarudi amenuna, kwa sababu ilikuwa inavuta kushoto.

Akiulizwa anataka kuwa nani, alisema anataka kujenga nyumba ambazo mlima hautakula.

Mwaka 2007 alipata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Matokeo yalipotoka, Charline alimmwagia poda nzima kichwani na shingoni, kama ilivyo desturi, mpaka akafanana na mzee wa miaka tisini, naye akakimbia mtaa wote akipiga kelele: "Soixante-huit! Soixante-huit pour cent!", asilimia sitini na nane. Mama Julie alitoka dukani na unga wa muhogo akammwagia na wake.

Hapo ndipo chaguo lilipoanza. Padri mmoja aliyempenda alikuwa amemtafutia nafasi Kinshasa, katika chuo kikuu kikubwa, kusomea ujenzi. Chumba kwa mabruda, watawa wa kiume, kilikuwepo, mfadhili wa masomo alikuwepo, hata tiketi ya ndege ilikuwa imeahidiwa. Upande wa pili kulikuwa na Kiwanja, mji mdogo wa barabara ya Rutshuru, ambako chuo kikuu kipya kilikuwa kimefunguliwa katika vyumba vitatu vya mbao. Walifundisha maendeleo ya vijijini. Mukamugema, mdogo wa mama yake, alikaa pale karibu, na alikuwa na kitanda.

"Kiwanja nitasoma nini, mama?" Luc alisema akicheka. "Kuhesabu mbuzi?"

"Mbuzi hajamukula mutu," alijibu Nyiramahirwe. Yeye hakuwa anacheka.

Kila mtu ndani ya nyumba alijua Nyiramahirwe anaona nini akisikia neno Kinshasa. Kaka yake mdogo Julien alikwenda kusoma kule. Aliandika barua kila mwezi. Kisha vita vya mwaka 1998 vikaanza, na katika mji ule watu wakatafutwa kwa sura zao, kwa majina yao, kwa namna ya kutamka maneno. Julien alikuwa na sura ile, na jina lile, na matamshi yale. Barua zikakoma. Hakuna aliyewaletea mwili, wala nguo, wala mtu wa kusema nilimwona. Mama yao alikufa akiwa bado anamwekea sahani.

"Luc anafanana naye hata masikio," Nyiramahirwe alisema. "Na mwezi wa tatu huu tu si wamepigana tena kule, mizinga katikati ya mji? Kiwanja ni masaa mawili. Hata kwa miguu nitamufikia."

"Mama, vita ni huku kwetu," alisema Luc. "Kiwanja njo karibu na vita. Kinshasa ni mbali nayo."

"Vita vya huku ninavijua. Ninajua njia ya kukimbilia. Kule nitakimbilia wapi kumutafuta mutoto, ndani ya mto?"

Evariste alimsikiliza mke wake, akamsikiliza mwanawe, na hakuweza kuamua. Akafanya kile ambacho shirika lao lilifanya kila lilipokwama. Kwao sanamu ya Bikira Maria ilihama nyumba kila mwezi, na nyumba ya kuipokea ilichaguliwa kwa kura, baada ya sala, karatasi zikiwa ndani ya kofia, kama mitume walivyompata Matiya. Hakuna aliyewahi kubishana na kofia. Evariste akatangaza novena ya siku tisa. Siku ya tisa karatasi mbili zitaingia katika kofia yake, na Luc mwenyewe atatoa moja.

Alasiri ya siku ya nane Nyiramahirwe na Charline walikuwa wanamenya viazi jikoni. Mama hakujua kusoma. Alitoa karatasi ya daftari aliyoikunja ndani ya kitenge, akaiweka mbele ya binti yake.

"Baba yako amesema wewe uandike. Uko na mwandiko muzuri."

Charline akaikata vipande viwili kwa kisu cha viazi. Ni kweli, mwandiko wake ulisifiwa hata na masista.

"Andika Kiwanja."

Akaandika.

"Na hii ingine, andika Kiwanja."

Charline aliinua kichwa. "Mama."

"Andika."

"Mama, hapa tunamudanganya Mungu."

"Mungu anajua kusoma. Ataona, atajua ni mimi, atanipiga mimi. Kinshasa haijui kusoma wala kusamehe. Andika, mutoto wangu, nakuomba. Nilimupa Julien ruhusa kwa mudomo wangu huu."

Charline akaandika. Na yasemwe yote, kwa kuwa Mungu anayajua: hakuandika kwa huruma peke yake. Alikuwa amemaliza sekondari miaka mitatu nyuma, na hakuna aliyesali novena kwa ajili yake. Aliambiwa tu kwamba kuna sehemu ya kuuzia viazi katika soko la Birere. Alipokuwa akiandika Kiwanja mara ya pili, kitu kidogo kichungu ndani yake kilifurahi. Hakukifukuza.

Siku ya tisa nyumba ilijaa. Waliimba, wakasali rozari, Papa Lévi akaziinua karatasi zilizokunjwa, akaziangusha ndani ya kofia, akaitikisa. Luc aliingiza mkono, akatoa karatasi moja. Alikuwa ametoka jasho kwenye pua. Papa Lévi akaikunjua.

"Kiwanja!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Luc aliitazama karatasi mkononi mwa Papa Lévi. Kisha akacheka, akaomba ile karatasi aiweke kama kumbukumbu, akaichukua kofia ya baba yake na kujivika kichwani.

Charline alinyoosha mkono. Kazi yake ilikuwa kuchukua kofia na kuitupa karatasi ya pili motoni. "Lete kofia ya papa."

"Ngojea kwanza. Leo mimi njo muzee."

"Luc, lete, usifanye upumbavu."

"Munisalimie kwa heshima, mama Charline, natoka kutembelea mashamba yangu." Akatoka uani akitembea kama baba yake, mikono mgongoni, watu wakifa kwa kicheko.

Aliporudi kofia ilikuwa tupu. Charline alitafuta uani mpaka kwenye takataka za mbao. Alisema moyoni labda upepo. Juma zima alimtazama ndugu yake usoni, na uso wa Luc ulikuwa ule ule. Siku ya safari tu, alipokuwa anafunga sanduku, alimshika mama yake mabega yote mawili.

"Tangu leo ulale, mama," alimwambia. "Naenda pale unapenda."

Nyiramahirwe alilala vizuri mwaka mzima.

Luc hakumlaumu mtu. Huko Kiwanja walikuwa wanafunzi ishirini na vitabu tisa, na mwalimu mmoja alifika tu pale barabara ilipomruhusu. Aliwachimbia majirani wa mama mdogo vyoo vilivyonyooka kama kanisa. Alijenga jiko la Mukamugema upya kwa sababu lile la zamani lilimkera macho. Noeli alirudi Goma na mbuzi.

"Nimemaliza kuhesabu, amebaki huyu," alisema.

Mama Julie alimuuliza mbele ya watu kama hajutii Kinshasa.

"Mungu aliandika Kiwanja," Luc alijibu, "na aliandika kwa mwandiko muzuri sana."

Wote walicheka. Charline alicheka nao, kisha akaingia jikoni akashika meza.

Mwisho wa Oktoba 2008 vita viliifikia barabara yote ya Rutshuru. Mji wa Kiwanja ulibadilisha wenye silaha, kisha wengine wakaja kuwapiga waliouchukua. Kabla simu hazijakatika, Nyiramahirwe alimpata mwanawe.

"Rudi, Luc! Rudi leo, hata kwa muguu!"

"Mama mudogo hawezi kutembea, mama, unajua muguu wake. Watu wote wamekimbia. Nimuache na nani?"

"Umuache!"

"Ni dada yako, mama."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosikia kutoka kwake.

Siku ishirini na tatu baada ya habari ile, gari la misheni lilipata ruhusa ya kupita. Walipewa nafasi tatu: Evariste, mke wake, na Charline. Muzee alibeba msalaba. Aliuchonga kutoka kwenye mti wa chukudu aliyokuwa anaitengeneza asubuhi ile simu ilipoita, akaupigilia kwa misumari ya kopo la Luc.

Walipita kizuizi cha mwisho cha serikali, wakapita Kibumba, milango wazi, hakuna hata mbwa. Evariste hakugeuka kutazama shamba lake. Kwenye kizuizi cha upande wa pili kijana mmoja mwenye bunduki aliona msalaba.

"Nini hii, muzee?"

"Ni musalaba."

"Mumeficha nini ndani?"

"Ni mbao tu, mwanangu."

"Mwanako iko wapi?"

"Ndiko nampelekea huu."

Kijana akacheka, akaugonga kwa kitako cha bunduki mara tatu asikie kama una uwazi. Mara ya tatu mbao ilipasuka kidogo pale pa kuungania. "Kweli ni mbao," akasema. "Mupite."

Mukamugema aliwapokea akiegemea fimbo. Hakuwazungusha. Aliwaonyesha mlango wa jiko, lile jiko alilojenga Luc, akawaeleza. Walikuja watano. Walimuuliza Luc ni nani, akasema mwanafunzi. Mwanafunzi wa nini? Akasema, wa maendeleo ya vijijini. Walicheka sana. Mmoja alisema: "Basi toka nje tukuendeleze." Luc aliwaomba wamruhusu amsogeze mama mdogo kitandani kwanza, maana alikuwa ameanguka chini kwa hofu. Walimruhusu. Akamwinua, akamlaza, akamfunika, akatoka. Walimpiga risasi pale, hatua mbili kutoka mlangoni.

"Alikuwa hajavaa viatu," Mukamugema alisema. "Nilitaka mujue kila kitu."

Kisha akawakabidhi mfuko: mashati mawili, rula ya mbao, kitambulisho cha mwanafunzi, Biblia.

Kaburi lilikuwa fupi, kati ya migomba mitatu, na udongo ulikuwa umeanza kushuka katikati. Katekista wa pale alikuwa bado hajarudi kutoka alikokimbilia. Evariste akasema atasoma yeye mwenyewe, katika Biblia ya mwanawe. Aliifungua pale palipokuwa na alama, katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, pale mitume walipopiga kura.

Karatasi mbili ndogo zikaanguka juu ya udongo.

Evariste aliinama, akaokota moja, akaikunjua. Kiwanja. Alitikisa kichwa taratibu, akaitambua: ile ambayo Luc aliomba aiweke. Akaokota ya pili. Aliisoma. Akaisoma tena. Akaziweka mbili katika kiganja kimoja, bega kwa bega. Mikunjo ilikuwa ile ile. Mwandiko ulikuwa ule ule, mzuri.

"Charline. Hii ilitoka wapi?"

Charline alifungua kinywa. Mama yake akamtangulia.

"Ni mimi. Nilimulazimisha. Yeye aliandika tu."

"Na Luc?"

Jibu lilikuwa mkononi mwake, limetolewa katika kofia yake mwaka jana na kutunzwa mahali pale pale penye habari za Matiya.

"Alijua," alisema Nyiramahirwe. Mukamugema akamshika kwa mkono usio na fimbo. "Yesu wangu, alijua, akaja."

Muzee Evariste alivaa kofia yake, akaivua tena, kama mtu asiyejua kofia ni ya nini.

"Siku ishirini na tatu nimemunyamazia Mungu," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa namuambia: ni wewe ulichagua, basi nanyamaza. Kumbe nilikuwa namunyamazia mwanamuke wangu."

"Evariste..."

"Sasa nitanyamaza kwa nani?"

Alichimba shimo kwa panga upande wa kichwa, akausimamisha msalaba, akaukaza kwa mawe. Akasoma zaburi moja, yote, bila kukosea neno. Kisha akachukua udongo kwa mkono wa kuume, akautupa juu ya kaburi na kusema: "Luc, uende salama." Mukamugema naye akatupa wake.

Nyiramahirwe aliinama kuchukua udongo.

"Hapana," alisema mume wake. "Wewe na binti yako mulishatupa wenu. Mulitupa mwaka jana, ndani ya kofia yangu."

Nyiramahirwe aliufungua mkono, udongo ukarudi chini. Alipiga magoti, akalaza kiganja chake juu ya kaburi, bila kuchukua kitu, na Evariste hakumzuia. Charline alisimama nyuma yake. Walisali Baba Yetu, kila mtu kwa sauti yake. Dereva alipiga honi kwa sababu njia ingefungwa saa tisa.

Evariste aliweka karatasi moja katika Biblia na nyingine katika mfuko wa shati. Wakamuaga Mukamugema. Pale mbao ilipopasuka msalaba ulikuwa umelegea, na mkono wake ulivuta kushoto. Charline aliuona na Muzee aliuona. Hawakurudi kuunyoosha. Muzee alipanda mbele karibu na dereva, wanawake wawili wakapanda nyuma, na gari likaondoka.